Njia ya Rubia na Mama Grace kutoka baraza la mji hadi Bunge

CHARLES Wanyoike Rubia alipoaga dunia Desemba 23, 2019, akiwa na umri wa miaka 96, wengi walimkumbuka kwa tukio moja tu. Tukio hilo ni kikao cha wanahabari cha Mei 3, 1990, ambapo yeye na Kenneth Matiba walijitokeza jijini Nairobi na kuitaka serikali ya Rais Daniel arap Moi iruhusu mfumo wa vyama vingi. Miezi miwili baadaye wote wawili walikuwa kizuizini.

Mlango aliopitia kuingia katika siasa husahaulika. Rubia hakuanzia Bungeni, wala hakuanzia katika vuguvugu la kupigania demokrasia. Alianzia katika baraza la jiji, mahali ambapo ajenda ya siku ni mitaro ya majitaka, kodi za nyumba, leseni za maduka na zahanati zisizo na dawa. Alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, kuanzia 1962 hadi 1967, kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Starehe mnamo 1969.

Katika uchaguzi huohuo wa Desemba 1969, meya mwingine alivuka daraja hilohilo. Bi Grace Onyango, mwalimu ambaye alikuwa ametawazwa meya wa Kisumu mnamo 1965, alichaguliwa mbunge wa Kisumu Mjini na kuwa mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Kenya kwa kura za wananchi. Mama Grace, jinsi alivyofahamika na wengi, aliaga dunia Machi 8, 2023.

Maisha ya wawili hao yanazua swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha hadi leo. Je, mwanasiasa aliyelelewa na baraza la mji anapofika katika Bunge la taifa, huenda huko kulitetea baraza au kulizika? Historia ya zaidi ya nusu karne inaonyesha kwamba, isipokuwa mara chache, Bunge limekuwa likipokea watu waliopanda ngazi ya serikali za mitaa, kisha linaketi na kuvunja vidato vya ngazi hiyo kimoja baada ya kingine. Rubia ni mmoja wa wale wachache, japo hata yeye hakuweza kuyazuia mengi yaliyopita mbele ya macho yake.

Mkufu wa umeya

Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya kifalme mnamo Machi 1950. Hata hivyo, Mwafrika aliishi humo kama mpangaji ambaye mkataba wake ungeweza kukatizwa wakati wowote. Alihitaji kibali kuwapo mjini, alitengewa mitaa yake upande wa mashariki, na sauti yake katika mambo ya jiji ilikuwa ya kutoa ushauri tu. Rubia, mzaliwa wa Murang'a aliyesomea shule ya Alliance, ni wa kizazi kilichojipenyeza katika baraza hilo hatua kwa hatua katika miaka ya hamsini, wakati ambapo hali ya hatari ilikuwa imewafanya wakazi wengi wa Nairobi wasombwe kwa malori na kupelekwa kambini.

Kufikia alipovishwa mkufu wa umeya mnamo 1962, uhuru ulikuwa umebakia mwaka mmoja. Wageni waliofika kushuhudia bendera ikipandishwa Desemba 1963 walifika katika jiji ambalo meya wake alikuwa Mwafrika.

Umeya wakati huo haukuwa cheo cha kupigiwa kura na umma. Madiwani walimchagua mmoja wao. Hivyo, aliyeutaka mkufu ilimbidi ajue kuhesabu kura katika chumba kidogo, ajue nani ana deni kwa nani, na ajue ni mtaa gani ulioahidiwa taa za barabarani mwaka uliopita usipate. Ustadi huo humfaa mtu sana Bungeni. Ni kweli pia kwamba utaratibu huo ndio uliozaa aibu za miaka ya baadaye, ambapo madiwani walikuwa wakifichwa hotelini siku chache kabla ya uchaguzi wa meya ili wasinunuliwe na kambi pinzani, au kwa usahihi zaidi, ili waliokwisha kununuliwa wasinunuliwe tena.

Kizazi cha leo, ambacho kinamjua gavana na mwakilishi wa wadi, huenda kisielewe uzito wa baraza la jiji la enzi ya Rubia. Hilo ndilo lililokuwa mwenye nyumba wa maelfu ya wafanyakazi kuanzia Kaloleni hadi Jericho. Hospitali ya kujifungulia ya Pumwani ilikuwa yake. Shule za msingi, zahanati, masoko, maji, magari ya zimamoto na hata vilabu vya pombe vilikuwa chini yake. Mnamo 1966, Rubia akiwa meya, baraza liliingia ubia na kampuni ya mabasi ya Kenya Bus, likawa na asilimia 25 ya hisa nayo kampuni ikapewa haki ya pekee ya kubeba abiria mjini.

Mkataba huo unafaa kukumbukwa kwa sababu ya yaliyoupata. Mnamo 1973, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba matatu, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikiendesha shughuli zake kinyume cha sheria, ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu. Mwananchi wa kawaida alishangilia, na alikuwa na sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa mabasi hayakufika kila mahali. Lakini baraza lililokuwa limetia sahihi mkataba halikuwa na la kusema. Tamko moja la Rais lilitosha kuondoa usafiri wa jiji mikononi mwa madiwani, na hadi leo serikali moja baada ya nyingine imekuwa ikihangaika kuurejesha katika utaratibu.

Disemba ya mameya wawili

Uchaguzi wa 1969 ulifanyika nchi ikiwa na vidonda vibichi. Tom Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi Julai 5 jijini Nairobi. Oktoba 25, Rais Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, makabiliano yalizuka na walinzi wake wakafyatulia umati risasi. Siku chache baadaye chama cha Kenya People's Union cha Jaramogi Oginga Odinga kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Wapiga kura walielekea vituoni Desemba wakiwa na chama kimoja tu cha kuchagua, KANU.

Katika hali hiyo ndipo wakazi wa Kisumu walipomtuma Bungeni mwanamke aliyekuwa ameongoza baraza la mji wao. Wengi huusimulia ushindi wa Mama Grace kama hatua ya wanawake, na ilikuwa hatua kubwa kweli kweli. Lakini upo upande mwingine ambao huzungumziwa kwa nadra. Mji huo ulikuwa umefiwa, vigogo wake wa kisiasa walikuwa korokoroni, na chama walichokiamini hakikuwapo tena. Kilichosalia kikiwa na uhalali machoni pa wakazi kilikuwa baraza la mji. Jina la meya lilijulikana sokoni, shuleni na hospitalini. Vyama vikivunjwa, mtu huyo hubaki. Wapiga kura walimrejesha Mama Grace Bungeni 1974 na 1979, na katika kipindi chake cha mwisho akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika kama naibu wa muda.

Wakati mameya hao wawili walipokuwa wakifanya kampeni, Bunge lililokuwa linaondoka lilikuwa tayari limepitisha sheria ya kuhamisha majukumu ya serikali za mitaa. Kuanzia Januari 1970, mabaraza ya wilaya yalipokonywa shule za msingi, huduma za afya na barabara, kazi ambazo ndizo zilizokuwa sababu ya mwananchi kulijali baraza lake. Manispaa kubwa kama vile Nairobi, Mombasa na Kisumu zilisazwa. Wakati huohuo, mabaraza ya mashambani yakabaki na masoko, machinjio na ada za ng'ombe. Mapema katika miaka ya sabini, kodi ya kibinafsi iliyokuwa ikitozwa wananchi kulingana na mapato yao, na ambayo mabaraza yaliitegemea mno, ikafutwa.

Serikali ilikuwa na hoja zake. Mabaraza mengi yalikuwa yameshindwa kulipa walimu, na hesabu za baadhi yayo zilikuwa kichekesho. Haiwezekani kudai kwamba madiwani walikuwa malaika walioonewa. Hata hivyo, dawa iliyotolewa ilikuwa ya ajabu. Mtoto aliposhindwa kutembea, alikatwa miguu, kisha akalaumiwa kwa miaka 40 iliyofuata kwamba anatambaa.

Jiji lakabidhiwa tume

Mwaka wa 1983 zamu ya Nairobi ilifika. Baraza lililochaguliwa lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na tume iliyoteuliwa na serikali kuu. Wakazi waliambiwa ni hatua ya muda ya kusafisha ufisadi. Tume hiyo ilikaa hadi 1992, karibu miaka 10, na hakuna aliyeishi Nairobi wakati huo anayeweza kudai kwamba takataka zilizolewa kwa bidii zaidi kuliko awali.

Rubia alikuwa Mbunge wa Starehe, eneo lililobeba kitovu cha jiji, wakati jumba la City Hall alilowahi kuliongoza lilipofungiwa wawakilishi wa wananchi. Alikuwa amewahi kuketi katika Baraza la Mawaziri la Moi. Mwelekeo wa nchi aliuona kutoka ndani. Tangu Juni 1982, kifungu cha 2A cha Katiba kilikuwa kimeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Bunge lilikuwa likipitisha miswada mizito kwa saa chache, na mbunge aliyeuliza swali alijua kwamba ataitwa ofisi za chama kujieleza.

Hapo ndipo ulipofika mswada wa mwaka wa 1986. Serikali ilitaka kumwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kinga ya kikatiba iliyozuia Rais kuwafuta kazi apendavyo. Makanisa na chama cha mawakili vilipinga. Ndani ya Bunge, Rubia alikuwa miongoni mwa wachache mno waliothubutu kusimama na kusema hapana. Mswada ulipita.

Wachanganuzi wengi huueleza msimamo huo kama ujasiri wa mtu binafsi. Bila shaka ujasiri ulikuwapo. Lakini mtu aliyepitia baraza la jiji anajua jambo ambalo mwanasiasa aliyeletwa na helikopta hulijua kwa kusoma tu. Anajua mhasibu anapomwogopa mkubwa wake, hesabu hufungwa vizuri sana na fedha hazionekani. Huko hakuna umbali wa kuficha matokeo. Zabuni ya mabomba ikiliwa, mtaa hukosa maji, na wanawake wa mtaa huo wanajua nyumba ya diwani ilipo. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba kinga ya Mkaguzi Mkuu ni jambo la mawakili wenye nadharia nyingi. Amekwisha kuona nini hutokea mahali ambapo mkaguzi hana meno.

Mwaka huohuo wa 1986, KANU iliamua kwamba wapiga kura katika mchujo wa chama wapange foleni nyuma ya picha au mawakala wa wagombeaji. Aliyepata asilimia 70 au zaidi katika foleni alihesabiwa amepita bila kupingwa. Rubia alipinga utaratibu huo pia. Mnamo Februari 1988 mlolongo ulitumika kote nchini, na yaliyotokea yanajulikana. Foleni ndefu zilitangazwa kuwa fupi na fupi zikatangazwa ndefu, mchana kweupe, mbele ya waliosimama ndani yazo. Rubia akatangazwa kushindwa Starehe baada ya kukishikilia kiti hicho kwa karibu miaka 20.

Kuna kejeli chungu hapo. Kiongozi aliyeanza kwa kuhesabiwa kura na madiwani wachache chumbani alitolewa katika siasa za uchaguzi na hesabu iliyofanywa uwanjani, hadharani kabisa, na ambayo hakuna aliyeiamini.

Akiwa hana kiti cha kupoteza, Rubia akaungana na Matiba. Walikamatwa Julai 4, 1990, siku tatu kabla ya mkutano uliokuwa umepangwa kufanyika Kamukunji, ambao umeipa siku ya Saba Saba jina lake katika siasa za Kenya. Novemba mwaka huohuo, Bunge lilirejesha kinga ya Mwanasheria Mkuu, Mkaguzi Mkuu na majaji. Mtu aliyekuwa ameionya Bunge miaka minne awali alikuwa bado kizuizini. Aliachiliwa Aprili 1991, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kikaondolewa. Hakurejea tena Bungeni.

Mbunge avaa viatu vya diwani

Warithi wa njia hiyo ni wengi, na si wote waliojijengea sifa kama yake. Andrew Ngumba, meya wa Nairobi kati ya 1977 na 1980, alikuwa mbunge wa Mathare kuanzia 1983, lakini kufikia 1986 alikuwa ameikimbia nchi na kiti chake kikatangazwa kuwa wazi. Najib Balala aliongoza baraza la Mombasa mwishoni mwa miaka ya tisini kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Mvita mnamo 2002 na kuteuliwa waziri. Dick Wathika, meya wa Nairobi kati ya 2004 na 2006, alishinda Makadara 2007, mahakama ikafuta ushindi huo, na katika uchaguzi mdogo wa Septemba 2010 akabwagwa na mgeni wa siasa kwa jina Gideon Mbuvi, maarufu kama Sonko. Makadara ilimchagua meya mwingine wa zamani, George Aladwa, mnamo 2017.

Kwa wengi wao, baraza lilikuwa kituo cha basi. Abiria hukaa hapo akiangalia saa yake.

Lakini badiliko kubwa zaidi la uhusiano kati ya diwani na mbunge halikuletwa na mtu yeyote kati ya hao. Lililetwa na sheria ya mwaka wa 2003 iliyobuni hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, kutokana na hoja ya mbunge wa Ol Kalou wakati huo, Mhandisi Muriuki Karue. Sheria ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Mwaka wa kwanza kila mojawapo ya maeneobunge 210 ilipata takribani Sh6 milioni. Kabla ya hapo, mabaraza yalikuwa yamepewa afueni kwa sheria ya mwaka wa 1998 iliyowatengea asilimia tano ya kodi ya mapato kupitia hazina ya LATF.

Ghafla mbunge akawa mjenzi wa madarasa, mchimbaji wa visima na mgawaji wa basari. Wananchi waliipenda CDF, na ni vigumu kuwalaumu. Kwa mara ya kwanza fedha za serikali kuu zilionekana kijijini zikiwa na umbo la bati na saruji. Hata wakosoaji wakubwa wa hazina hiyo wana vijana katika familia zao waliosomeshwa kwa basari zake.

Tatizo ni kwamba kazi hizo ndizo zile ambazo mabaraza yalipokonywa mwaka wa 1970. Zilizunguka kwa miaka 33, na ziliporudi mashinani hazikurudi kwa diwani. Zilirudi zikiwa mikononi mwa mbunge, mtu ambaye Katiba inamtaka atunge sheria na aikague serikali inavyotumia fedha. Alikuwa sasa mtumiaji na mkaguzi kwa wakati mmoja. Rubia wa 1986 angeliona tatizo hilo kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza wa mswada.

Katiba ya 2010 ilikusudiwa kumaliza mvutano huo. Mabaraza yote ya zamani yalifikia kikomo Machi 2013, zikaja kaunti 47 zenye uhakika wa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yanayogawanywa, na wadi 1,450 zenye wawakilishi waliochaguliwa. Diwani aliyedharauliwa akawa mheshimiwa. Lakini maeneobunge yaliongezwa hadi 290 na hazina ya mbunge haikuondoka. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya CDF ya 2013 mnamo Februari 2015, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi kama huo Agosti 2022. Wabunge walikuwa wamekwisha kutunga sheria nyingine mnamo 2015 na kuongeza maneno 'serikali ya kitaifa' katika jina la hazina. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hiyo pia inakiuka Katiba, ikitoa muda hadi Juni 30, 2026 ili ikomeshwe.

Jibu la Bunge la Taifa lilikuwa kupitisha, mnamo Julai 2025, mswada wa kuirekebisha Katiba yenyewe ili hazina hiyo iwekwe humo. Mahakama ikisema nyumba imejengwa barabarani, mwenye nyumba ameamua kuihamisha barabara.

Katika uwanja huu ndimo mwakilishi wa wadi wa leo anamojifunzia siasa. Anajua kwamba kuna barabara ya kaunti, barabara ya mbunge na barabara ya serikali kuu, na kwamba mpiga kura hatofautishi hata moja. Anajua pia nani hualikwa kukata utepe. Ikiwa kipaji chake ni kikubwa, somo analolipata si kwamba wadi inaweza kuendeshwa vyema. Somo ni kwamba anapaswa kuhama haraka aende kule zinakogawanywa fedha. Bunge humpokea mtu anayejua kila mfereji uliozibika katika eneo lake, kisha humpa hazina ya kuuzibua yeye mwenyewe na sababu tosha ya kutoipa kaunti nguvu ya kuuzibua.

Wapo watetezi wa CDF wanaosema kwamba kaunti hazijathibitisha kuwa bora, na ushahidi wanao. Magavana kadhaa wameshtakiwa kwa ufisadi, na mabunge ya kaunti yamejulikana zaidi kwa safari za ng'ambo na makonde ukumbini kuliko kwa sheria. Lakini hoja hiyo ilitolewa pia 1969 kuhusu mabaraza ya wilaya, na 1983 kuhusu Nairobi. Kila mara tiba ilikuwa kupeleka mamlaka juu, na kila mara mgonjwa alizidi kudhoofika.

Nairobi yenyewe imelipitia hilo kwa mara nyingine. Februari 25, 2020, miezi miwili tu baada ya kifo cha Rubia, Gavana Mike Sonko alikwenda Ikulu na kutia sahihi hati ya kuikabidhi serikali kuu majukumu manne ya kaunti, yakiwemo afya, uchukuzi na mipango ya jiji. Shirika jipya, NMS, likawekwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi na likayaendesha hadi 2022. Sonko ni yuleyule aliyemwangusha meya wa zamani Makadara miaka 10 awali. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa diwani. Aliingia moja kwa moja Bungeni, akapitia Seneti, na alipofika City Hall hatimaye, alikuwa tayari kuitoa.

Beatrice Elachi, aliyekuwa Spika wa bunge la kaunti hiyo siku hati hiyo ilipotiwa sahihi, alijiuzulu wadhifa huo mwezi Agosti mwaka huo baada ya mvutano mrefu na sehemu ya wawakilishi wa wadi. Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 aliwania kiti cha Dagoretti Kaskazini, akashinda, na kujiunga na Bunge la Taifa.